Samli ya Taji la Mjomba

Kopo la rangi nililikuta ndani ya begi la shule la mtumba. Miaka ile mabelo ya mitumba yalikuwa yameanza kuingia Mwanza kwa wingi, na mimi nilikuwa na kibarua cha kuyafungua kwa mfanyabiashara mmoja karibu na soko kuu. Nilikata nyaya, nikachambua: makoti huku, suruali huku, mabegi kule. Kila begi nililipindua na kulikung'uta. Sikuwa natafuta cha kuiba. Nilitaka tu kujua mtoto wa ng'ambo huwa anatembea na nini. Nilikuta maganda ya peremende, tiketi, penseli iliyotafunwa kichwani kama walivyotafuna wenzangu darasani. Siku hiyo lilidondoka kopo bapa la bati, ndani yake vidonge vya rangi za maji, kila kimoja katika kishimo chake, na brashi iliyobakiwa na nywele chache. Bluu ilikuwa imekwisha hadi bati likaonekana. Nyekundu imeliwa nusu. Kahawia ilikuwa haijaguswa hata mara moja. Nikawaza kwamba mtoto yule kwao hakuna vumbi.

Tajiri aliniambia nichukue, kitu chenyewe hakina mnunuzi.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Watu huuliza kwa nini. Reli iliishia Mwanza, na mimi nilitaka kuona inakoanzia, basi nikapanda. Tangu hapo nimepakua pamba, nimechota mchanga, nimekaa machimboni upande wa Geita bila kuiona dhahabu ila midomoni mwa watu, nimeosha sakafu katika kiwanda cha minofu ya sangara mpaka harufu ikawa yangu. Sikudumu popote. Kazi nikishaelewa inavyokwenda, kwangu imekwisha. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa akisema nilizaliwa njiani, kwa hiyo njia ndiyo kwetu. Na ni kweli, maana mama alishikwa na uchungu akiwa kwenye foleni ya kivuko pale Busisi, na mimi nikazaliwa nyuma ya kibanda cha chai.

Wakati wa lile kopo nilikuwa nimepanga chumba Igogo, juu kwenye mawe, chenye dirisha moja la kuliona ziwa. Jirani yangu alikuwa fundi wa kuandika mabango. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila mtu anafungua duka, na kila duka linataka jina lake ukutani, kwa hiyo yeye hakukosa kazi. Nilimwonyesha kopo. Akasema rangi za maji haziandiki duka, mvua ya kwanza inafuta, lakini wageni wanapenda kadi ndogo zilizochorwa kwa mkono, hasa vitu vya kifalme: ngao, mikuki, viti vya enzi. Nikamwambia kwetu lilikuwepo taji. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala zangu, ambazo moja ilikuwa nyekundu na nyingine kijani.

"Hata ndala zako hazitoki ukoo mmoja," alisema.

Basi nilianza kuchora taji ili kumwonyesha. Nilinunua karatasi ya manila, nikaikata vipande, nikaketi dirishani na kikombe cha maji. Taji la kwanza lilitoka na meno matano na vito vyekundu. Nililitundika kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, nikalifurahia. Nilichora la pili, la tatu. Nilijifunza kwamba rangi ya maji haina subira na mtu mwenye haraka. Ukiweka ya pili kabla ya kwanza kukauka, zote mbili zinakimbia. Na ukikosea hakuna kufuta. Unasubiri, unaona kosa linakauka mbele yako.

Habari za taji nilizijua kwa vipande. Kwetu, ng'ambo ya Busisi, utemi haukushuka kwa mtoto wa mtemi bali kwa mtoto wa dada yake, kwa sababu tumbo la dada halina shaka. Bibi mzaa mama alikuwa dada wa mtemi wa mwisho. Kwa hiyo mtemi huyo alikuwa mjomba wa mama yangu na wa mama mkubwa, na wote wawili walilelewa katika boma lake. Baada ya Uhuru utemi ulikomeshwa nchi nzima. Mjomba akarudi kulima viazi kama watu wengine, akafa kimya. Taji halikuonekana tena. Mmoja alisema lilizikwa naye, mwingine alisema liliuzwa kwa mgeni, na wapo waliosema lilitupwa ziwani. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuuliza mezani, na mikono yote ikasimama kwenye sahani. Hawakulitaja kwa jina. Walisema "kile."

Mama yangu alikufa nikiwa mbali, na habari ilinifikia matanga yakiwa yameshaanuliwa. Sitaki kuandika mengi juu ya hilo. Ninalotaka kusema ni kwamba baada ya hapo aliyebaki kukijua kile alikuwa mama mkubwa peke yake.

Yeye aliletwa Mwanza masika ya mwaka uliofuata, miguu imevimba na tumbo limejaa maji. Dada yangu, yaani binti yake, ndiye aliyemleta. Hospitalini walimtoa maji, wakampa vidonge, kisha mganga mmoja kijana akamwita dada pembeni na kumwambia mgonjwa ale anachokipenda. Dada aliyaelewa maneno hayo. Hata mama mkubwa aliyaelewa, kwa sababu dada alirudi kitandani akauliza, sauti ikiwa ya chini mno, mama anapenda kula nini. Akajibu kwamba anapenda matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na kwamba asimwangalie hivyo.

Hawakuweza kurudi nyumbani mara moja. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kijijini, na magugu maji yalikuwa yamejaa gatini hata kivuko kinasimama nusu siku. Wakaja kukaa kwangu. Nilimpa mama mkubwa kitanda, dada akalala kwenye mkeka kando yake, mimi nikalala kwa jirani kati ya makopo yake ya rangi.

Asubuhi ya kwanza niliingia kusalimia nikamkuta ameegemea ukuta, anatazama kamba yangu. Mataji yalikuwa yamepangwa juu ya kichwa chake kama nguo za mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hawa ni nani?"

Nilisema ni taji la mjomba wake. Alicheka mpaka dada akamshika mgongo, maana kucheka kulimletea kikohozi. Akasema huyo si mjomba, huyo ni mfalme wa karata, anamjua, marehemu mumewe alimlisha mfalme huyo ng'ombe wawili. Na kweli. Mataji yangu nilikuwa nimeyatoa kwenye karata na kwenye kopo la biskuti. Sikuwa nimejua kwamba sijui.

Alipotulia alifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa nyumba ile.

"Ungeweza kukitoa kile kwenye karatasi, mwanangu, nikakiona tena kabla sijaondoka, ningeshukuru."

Dada aliinamisha kichwa. Mimi nikasema nitakitoa. Nilisema haraka, kama ninavyokubali kila kazi.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa namkalia na maswali. Nilikuwa nimewauliza watu maswali maisha yangu yote: wachimbaji, manahodha wa meli, wanawake wanaoanika dagaa, na nilidhani najua kumtoa mtu habari. Nilimwuliza umbo. Akasema mkanda wa ngozi, mpana kama kiganja, manyoya ya simba juu. Nikauliza mapambo. Akasema simbi, zile kauri nyeupe, zimeshonwa kuzunguka. Nikauliza paji la uso palikuwa na nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema palikuwa na kombe jeupe la bahari, duara, lililoletwa na wasafiri kutoka pwani zamani za mababu. Nikauliza ukubwa wake. Akasema kama mwezi.

Nilichora. Akatazama, akatikisa kichwa. "Sicho."

Nikauliza tena. Safari hii kombe likawa kama kisahani. Nikachora, nikaweka kivuli upande mmoja ili ling'ae. "Sicho." Siku nyingine akasema simbi zilikuwa safu moja, kesho yake akasema labda mbili. Niliongeza, nikapunguza. Nilichora manyoya yakiwa yamesimama, nikachora yakiwa yamelala. Kila picha aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, akaitazama kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. Kisha akanirudishia.

"Ni nzuri," alisema mara moja. "Lakini simjui."

Miguu ilikuwa inavimba tena. Ukibonyeza, shimo linabaki. Dada alikuwa akimkanda jioni kwa maji ya uvuguvugu, na mimi nilianza kuamini kwamba kumbukumbu ya mama mkubwa inaondoka kabla yake. Nilimwambia dada hivyo nje, penye mawe. Dada akasema mama hajasahau kitu. Juzi amemtajia madeni ya mahari ya ukoo mzima, na ng'ombe kwa rangi zao. Basi ni nini, niliuliza. Dada akasema labda ni mkono wangu. Sikupenda jibu hilo, ila lilikuwa la haki.

Akanikumbusha kwamba pale Busisi yuko mzee mmoja aliyekuwa mtu wa mtemi, na kama yupo mwingine aliyekiona kile ni yeye. Nikaondoka siku ileile.

Mzee huyo nilimkuta akilinda ghala la mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale wanunuzi wapya waliokuja baada ya ushirika kudhoofika. Msimu ulikuwa haujaanza, kwa hiyo alikuwa akilinda ghala tupu. Alivaa koti la jeshi la mtumba lenye vifungo vya nchi nisiyoijua, na kiunoni alining'iniza shada la funguo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe si yule uliyezaliwa kwenye foleni ya kivuko?"

"Ndiye mimi."

"Na bado hujavuka?"

Aliniketisha juu ya mzani. Nilimweleza habari za mama mkubwa, akasikitika kweli, akauliza kama anakula. Kisha nilitoa karatasi zangu nikazipanga sakafuni, nikamwuliza ni lipi linalofanana, na kwa mbele kombe lilikaaje. Alizitazama kwa muda. Nilidhani anakumbuka. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka.

"Unaniuliza mimi habari za mbele? Mimi nilikuwa natangulia. Mtemi yuko nyuma yangu. Ningegeuka kumtazama, leo ungekuta nina shingo?"

Alisema yeye kile anakijua kwa sikio. Zile simbi ziligongana mtemi anapotembea, na kwa mlio huo yeye aliyetangulia alijua apunguze mwendo au aongeze. Akafungua shada la funguo kiunoni, akalitikisa polepole, chaka, chaka, akisikiliza, akaondoa funguo mbili kubwa, akatikisa tena. Akasema hivyo ndivyo, karibu.

Nikauliza waliomfuata nyuma je. Akasema waliona kisogo. Na waliokaa mbele yake barazani wakati wa shauri? Akasema mtu wa kwetu hakumwinulia mtemi macho akiwa amevaa kile, waliokaa mbele waliona miguu yake. "Mpaka leo, nipe mkaa, nikuchoree vidole vya mtemi. Hutavikosea."

"Basi nani alikiona usoni?"

Alifikiri. "Mzungu wa wilaya," alisema. "Na mbuzi. Mbuzi hawana adabu."

Tulicheka wote wawili. Lakini nilipokuwa nakusanya karatasi zangu sakafuni kicheko kilinikauka. Wiki zote zile nilikuwa nimemwuliza mgonjwa kitu ambacho hakuwahi kukiona, na kwa sababu mimi ni mwanawe na nimeuliza, alikuwa akinijibu kwa yale aliyosikia watu wakisema: kama mwezi, kama kisahani. Nilikuwa namwonyesha taji kama mgeni anavyoliona. Kwa mbele, machoni, bila kuinama. Hakuna hata mmoja wa watu wetu aliyewahi kusimama mahali nilipokuwa nimesimama nikichora.

Kivuko kilichelewa. Vijana wenye miti mirefu walikuwa wakisukuma magugu kutoka gatini na upepo unayarudisha. Nilikaa pale nilipozaliwa, au karibu na hapo, maana kibanda cha chai hakipo tena, nikiwaza kwamba nitafika nimkute hayupo.

Alikuwepo. Alikuwa amelala chali, uso umekuwa mdogo, macho yamefunguka. Niliketi kando ya kitanda, sikutoa karatasi. Nilimwuliza swali moja tu.

"Mama, wewe ulikuwa unakishikaje?"

Aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye shuka, akageuza viganja juu, akavikutanisha kama mtu anayepokea bakuli lililojaa. Kisha mkono wa kushoto ukabaki hivyohivyo umeshika, na wa kulia ukaingia ndani ya lile bakuli lisilokuwepo, kidole gumba kikaanza kuzunguka. Kilizunguka taratibu, kikasimama mahali, kikabonyeza, kikaendelea. Dada aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni aliacha.

Ndipo aliposema. Kazi yake tangu hajavunja ungo ilikuwa kukipaka kile samli, ngozi isije ikapasuka. Hata alipoolewa aliendelea, kwa kuwa aliolewa hapo jirani. Aliingia kwenye nyumba ya vitu vya mtemi asubuhi, akakuta kapu, na ndani ya kapu kimewekwa kimepinduliwa, uso chini, tumbo juu, kwa sababu uso si wa kutazamwa na mtoto wa kike wala na yeyote. Akakitoa hivyohivyo kilivyopinduliwa, akakiweka mapajani. Alipasha samli kwenye kiganja kwa pumzi yake. Akapaka ndani, akarudisha. Maisha yake yote hakukigeuza.

Nilimwomba anieleze huko ndani. Safari hii hakunyamaza kutafuta. Ngozi ya ndani ilikuwa nyeusi mahali pa paji la uso, kwa jasho la watemi wote waliopita, halafu ikapauka kuelekea kisogoni. Mshono ulikuwa wa kano za ng'ombe, na nyuma ya kila simbi palikuwa na kifundo kidogo kama punje ya mtama. Pale kombe lilipofungwa palikuwa na matundu mawili na ukanda uliokatiza. Upande wa sikio la kushoto kano moja ilikuwa imekatika zamani, na mama yake, bibi yangu, aliirekebisha kwa uzi wa pamba bila kumwambia mtu, kwa hiyo kifundo kimoja kilikuwa cheupe na laini kuliko vyote. Kidole chake kilipofika hapo kila asubuhi kilisimama kidogo.

Nilikaa dirishani. Mwanga ulikuwa mzuri, mvua imetoka kunyesha na ziwa limekuwa jeupe. Nilifungua kopo, na kwa mara ya kwanza nikalowesha kile kidonge cha kahawia ambacho mtoto wa ng'ambo hakukihitaji. Niliweka duara la maji kwanza, kisha rangi ndani ya maji, nikaiacha ikimbie yenyewe, iwe nzito mbele na nyepesi nyuma. Sikuilazimisha. Nilichora vifundo kwa ncha ya brashi, kimoja kimoja, nikamwuliza kila mara kama viko karibu hivi au mbali, naye akajibu bila kuona karatasi, kidole chake kikiwa bado kinazunguka hewani. Kile cha bibi nilikiacha bila rangi. Ni manila tupu.

Nilimpa ikiwa mbichi.

Hakuitazama kwanza. Aliiweka mapajani, akaipapasa ukingo, kisha ndipo akashusha macho. Sijui nimwelezeje alivyokuwa. Mdomo ulifunguka kama wa mtu aliyeitwa na sauti anayoijua kutoka chumba kingine. Kidole kilikwenda moja kwa moja upande wa kushoto.

"Hapa," alisema. "Hapa alishona mama."

Chini huko watoto walikuwa wakichezea maji yanayotiririka kwenye mawe.

Baada ya muda alitueleza siku ya mwisho ya utemi, jambo ambalo dada, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kulisikia. Ilikuwa kiangazi. Ng'ombe walikuwa hawana maziwa na samli imekuwa adimu, hivyo alikuwa hajakipaka kwa muda. Siku hiyo alipata kidogo kwa jirani, akaja nayo kwenye kipande cha kibuyu. Alipofika, watu walikuwa wameshakuja na kuondoka na vitu vya mjomba, na mjomba ameketi nje kichwa wazi. Yeye akapita, akaingia ndani, akakuta kapu tupu. Alisimama pale na samli mkononi. Hakuthubutu kuuliza. Mwishowe alijipaka miguuni, akarudi kwake kupika.

"Kilichukuliwa kikavu," alisema. "Kiangazi kikija huwa nakiwaza. Nasema, huko kiliko, nani anakipaka?"

Dada alikuwa analia bila sauti, mchicha mkononi. Nadhani alikuwa anahesabu viangazi vyote ambavyo mama yake alikaa barazani akitazama mbele, nao watoto wakidhani anatazama mvua.

"Leta samli," mama mkubwa alimwambia.

Ilikuwepo chupa ya samli yake ya kutia kwenye uji. Dada alinitazama mimi. Nilijua kitakachotokea. Mafuta yakishaingia kwenye karatasi, rangi ya maji haishiki tena. Huwezi kuongeza wala kurekebisha, na rangi yenyewe ilikuwa haijakauka. Picha hiyo ilikuwa ya kwanza kuwa ya kweli katika zote nilizowahi kuchora. Nilisema, kwa upole, kwamba ni karatasi, mama.

"Najua ni karatasi, mwanangu. Mimi ni mgonjwa wa tumbo tu."

Dada akamtilia kidogo kiganjani. Akaipumulia, akaisubiri ilainike, akachovya kidole gumba. Akaanza mbele, pale peusi, akazunguka. Alisimama kwenye kila kifundo. Hakuwa na haraka, na mkono ambao asubuhi ulishindwa kuinua kikombe haukutetemeka. Kahawia ikanywa samli ikawa nzito, ikang'aa kama ngozi yenyewe, na mimi niliyekuwa nikiona kazi yangu inaharibika niliona pia kwamba sijawahi kupata rangi ile, wala singeipata kwa maji peke yake. Alipomaliza karatasi ilikuwa imekuwa angavu. Dada aliiinua dirishani, mwanga ukapita, na upande wa pili, kule kwenye uso ambao sikuuchora, vifundo vikaonekana vimetokea kama simbi.

Mama mkubwa hakutazama upande huo. Alikuwa anafuta kiganja kwenye shuka.

"Sasa kimekunywa," alisema, akaomba alazwe.

Picha hiyo sinayo. Niliiweka juu ya kabati ya jirani, nikaenda machimboni tena baada ya matanga, na niliporudi panya walikuwa wameila kwa ajili ya samli. Waliacha pembe nne za manila. Nimejaribu kuichora upya mara nyingi. Mkono unakumbuka kila kifundo, rangi ninayo, lakini ninapofika mwisho hakuna wa kumpelekea aniambie ndicho au sicho. Ninazouza ni zile za mbele, zenye kombe. Wageni wanazipenda, na wao hawakuambiwa wasitazame.

Alifariki wiki ileile, mchana, dada akimlisha. Tulimvusha Busisi ndani ya gari la mizigo la mtu wa samaki aliyetuonea huruma. Magugu yalikuwa yamesogezwa na upepo, kivuko kikapita bila kusimama. Yule mzee wa funguo alikuwa gatini amevua kofia. Alipanda nasi garini, na tulipoteremka alitangulia mbele ya jeneza kutoka barabarani hadi nyumbani, polepole, hakugeuka nyuma, na shada lake la funguo lilikuwa likilia kiunoni.

Wanawake walimwosha ndani. Dada alitoka baadaye akaja kusimama nami kwenye zizi, mikono yake imelowa. Aliniambia kwamba kidole gumba cha kulia kilikuwa na kahawia. Walikisugua kwa sabuni mara mbili, ikatoka kwenye ngozi, lakini ile iliyoingia chini ya ukucha haikutoka, imeshikwa na samli. Wanawake walitaka kuchukua wembe kuikwangua. Dada aliwaambia waiache.